Siku sita Yazd, kuitafuta Nairuzi ya kwetu

KABLA YA SAFARI

Mie na mdogo wangu ni watoto wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Tukiwa wadogo kila mwezi wa saba tunaamshwa alfajiri kwenda kukoga pwani, tunavalishwa nguo mpya, mchana tunapelekwa kiwanjani kuangalia wanaume wa upande huu na wa upande ule wakitandikana kwa mapande ya migomba, alafu kibanda cha makuti kinatiwa moto. Wengi mnaijua kwa jina la Mwaka Kogwa. Bibi yetu hakuwa akiita hivyo, yeye alisema Nairuzi tu, na ukimuuliza Nairuzi ndo nini anakujibu ni mwaka wa Washirazi, wazee waliokuja na majahazi kutoka Uajemi, basi mazungumzo yameisha, kachote maji.

Neno lile sijawahi kuliacha. Ukubwani nikaja kujua ni Kifarsi kitupu, no ni mpya na ruz ni siku, siku mpya. Na sikukuu yenyewe ni kongwe kuliko Uislamu, ni ya watu wa dini ya Zarathustra, wale ambao chuoni tulifundishwa kuwaita Majusi. Watu walituuliza mbona hamwendi Shiraz kama mnafuata Washirazi, na Shiraz inshallah ipo siku yake, ila nilichotaka kuona ni hiyo dini yenyewe ikiwa hai, na kwa Iran ya leo Wazoroasta wanaishi zaidi Tehran, Kerman na Yazd, na moto wao mkubwa kabisa uko Yazd. Kwahiyo Yazd.

Tulikwenda Novemba 2018. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat na amejifunza Kifarsi cha sokoni, mie nikapanda ndege Unguja nikamkuta kwake, tukaruka pamoja hadi Tehran. Kwa atakayekwenda: kadi za benki za nje hazifanyi kazi Iran, beba hela taslimu za safari nzima, na ujue bei nyingi watu wanazitaja kwa toman wakati noti zimeandikwa rial, toman 1 ni rial 10, siku mbili za kwanza tulikuwa tunachanganya kila duka.

SIKU YA KWANZA

Treni ya usiku kutoka Tehran, vitanda vya kukunja, blanketi safi, chai. Nimeamka alfajiri nikavuta pazia na nje ni jangwa mpaka jicho linapochoka, rangi moja tu ya mchanga wa kahawia, kwa mbali milima mikavu haina hata mti. Yazd imekaa katikati ya majangwa mawili makubwa, Dasht-e Kavir kaskazini na Dasht-e Lut mashariki, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Kwetu mvua moja ya masika ikiamua inaweza kumwaga hizo kwa siku.

Nyumba tuliyofikia iko mji mkongwe, mtaa wa Fahadan. Teksi ilituacha nje mana ndani gari haiingii, na tulipoanza kutembea kwenye vile vichochoro nilimshika mdogo wangu mkono nikamwambia hapa ni Mji Mkongwe wa kwetu, ila umejengwa kwa udongo badala ya mawe ya matumbawe. Kuta zote zimekandikwa udongo uliochanganywa na makapi ya ngano, jua likipiga yale makapi yanametameta. Vichochoro vimepinda makusudi ili upepo wa jangwani usipite moja kwa moja na ili kila saa kuwe na upande wenye kivuli, na pengine juu wameweka paa la matao unapita chini kama kwenye wikio. Nje ya milango kuna vibaraza viwili vya kukaa, huku kimoja na huku kimoja, mwenye nyumba akatwambia vinaitwa pirneshin, yani kikalio cha mzee. Baraza jamani! Na mlango una vigongeo viwili, cha fimbo nzito ni cha mgeni mwanamme na cha pete chenye sauti nyembamba ni cha mwanamke, ili walioko ndani wajue nani aende kufungua na kama wajistiri au la. Mie nikagonga cha pete, akatoka mama wa makamo, "befarmaid, befarmaid", karibuni karibuni.

Ndani ua mpana, katikati dimbwi la maji la samawati, miti ya komamanga pembeni. Lile dimbwi wanaita hauz. Sisi tunasema hodhi. Mdogo wangu alianza hapo hapo kuandika kwenye simu maneno yanayofanana na ya kwetu, mpaka usiku alikuwa na bandari, rangi, bahati, dirisha, bustani, pamba na pilau.

Jioni tukapanda juu ya paa. Mji wote wa udongo uko chini yako, makuba ya mviringo, na kila mahali minara ya upepo, badgir, kama mabomba makubwa ya moshi ya pembe nne yenye nafasi ndefu za wima. Magharibi ikaadhiniwa, baridi ikashuka ghafla, nikatamani ningekuja na sweta mbili.

SIKU YA PILI

Leo ilikuwa siku ya maji, japo hatukupanga.

Tulianza na Msikiti wa Ijumaa, Masjed-e Jameh. Jengo lililopo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 14, na minara yake miwili iliyobanana juu ya lango inafika karibu mita 50, unainua shingo mpaka mtandio unaanguka. Vigae vya buluu na feruzi vimepangwa vipande vidogo vidogo, maandishi ya Qurani yamesokotana na maua. Nimeswali rakaa mbili mle ndani, zulia lina ubaridi wa udongo chini yake. Ila kilichonishika zaidi kiko uwani, pana ngazi zinashuka chini ya ardhi mpaka kwenye mfereji wa maji uliokuwa ukiwapa watu maji ya kutawadha. Ule ni mfereji wa Zarch, qanat kama wanavyouita, mrefu zaidi ya kilomita 70, mwaka 2016 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na mifereji mingine 10 ya Iran. Mji wenyewe uliingizwa mwaka uliofuata, 2017.

Tukaenda makumbusho ya maji kuelewa. Kazi yenyewe iko hivi: unatafuta mahali pa juu karibu na milima ambapo ardhini kuna maji, unachimba kisima kirefu, hicho ndo kisima mama. Alafu kutoka huko unachimba njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana kuelekea mjini, na kila baada ya mita kadhaa unatoboa kisima cha kwenda juu, cha kutolea udongo na kuingiza hewa. Maji yanatembea yenyewe bila pampu, jua haliyagusi hivo hayakauki njiani. Mteremko ukizidi, maji yanakula kuta na mfereji unaporomoka, ukipungua yanasimama. Na haya yamefanywa na watu wenye sururu na taa ya mafuta, karne nyingi kabla ya sisi kuzaliwa.

Wachimbaji wanaitwa muqanni, ni kazi ya ukoo, baba kwa mtoto. Kuna nguo zao zimetundikwa, nyeupe, na maelezo tuliyopewa ni kwamba walivaa nyeupe waonekane gizani na pia kwa sababu udongo ukimwangukia huko chini basi ameshavaa sanda. Ile taa nayo si ya mwanga tu, ikianza kufifia ujue hewa imekwisha, toka. Nilisimama mbele ya zile nguo nikashindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Babu yetu alikuwa mchimba visima.

Na maji yakishafika mjini yanagawiwa kwa saa. Wanachukua bakuli la shaba lenye kitundu kidogo chini, wanaliweka lielee juu ya maji ndani ya bakuli kubwa, likijaa likazama ni zamu moja imekwisha, shamba la mtu mwingine linafunguliwa. Kuna mtu kazi yake ni kukaa kuangalia bakuli, usiku na mchana. Mtu huyo akisinzia mtaa mzima unagombana.

Usiku tukapita uwanja wa Amir Chakhmaq, umejengwa karne ya 15 na gavana aliyeupa jina na mkewe Seti Fatemeh, taa zinawaka kwenye ngazi zote za matao. Pembeni kuna nakhl, fremu kubwa mno ya mbao yenye umbo kama jani, nakhl kama hizi Muharram wanazipamba nguo nyeusi na wanaume kwa mamia wanazibeba siku ya Ashura kumkumbuka Imam Hussein. Pana harufu ya maini ya kuchoma, watu wanakula vibandani. Mishikaki yao ni midogo lakini mitamu.

SIKU YA TATU

Asubuhi tukaenda kwenye moto.

Atash Behram, nyumba ya moto wa daraja la juu kabisa, ni jengo la mwaka 1934 tu, lilijengwa kwa msaada wa Maparsi, Wazoroasta wa India, wa Bombay, mbele lina dimbwi la mviringo na juu ya mlango pana alama ya Faravahar, mtu mwenye mbawa ameshika pete. Jengo ni jipya ila moto si mpya. Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa palepale unawaka tangu mwaka 470 Miladia, ulianzia Karyan huko Fars, ukahamishiwa Aqda ukakaa karibu miaka 700, mwaka 1173 ukapelekwa Ardakan, mwaka 1473 ukaletwa Yazd, ukafichwa kwenye nyumba ya mtu na kwenye nyumba ya mtu mwingine, mpaka 1934 ukawekwa hapa ulipo. Daraja hili la moto duniani zipo 9 tu, 8 ziko India na hii moja Iran. Kuuanzisha si kuwasha kiberiti, unakusanywa moto wa aina 16, wa mhunzi, wa mfinyanzi, wa mwoka mikate, hata wa radi, kila mmoja unasafishwa kwa ibada yake ndo inaunganishwa.

Unauona kupitia kioo. Chombo kikubwa cha shaba, majivu, magogo ya miti mikavu kama mlozi na mwaprikoti, na ndimi za moto ndogo tu, tulivu, si moto wa kutisha. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa, nikaona moto kama wa jikoni kwa bibi. Halafu nikaanza kuhesabu. Miaka zaidi ya 1,500. Hakuna moto unaojiwakisha wenyewe, yani kila siku ya miaka hiyo, na kila usiku, kuna mtu ameamka usingizini akaja kutia kuni, kwenye vita, kwenye njaa, wakati Wamongolia wanachoma miji, yupo mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa cheupe ili pumzi yake isiuchafue, akatia gogo, akarudi kulala. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuandika.

Pale uwani alikuwepo mzee mmoja wa hapo, mdogo wangu akamsalimia, akafurahi kusikia tumetoka Zanzibar. Nikamwomba mdogo wangu amuulize kwa adabu hili la kuabudu moto, mana ndo tulivyofunzwa. Mzee hakukasirika. Akauliza nyie mkiswali mnaelekea wapi? Makka. Mnaabudu yale mawe? Hapana. Basi na sisi tunaelekea mwanga, Mungu ni mmoja, Ahura Mazda, na mwanga ndo kibla chetu. Akatwambia wanasali mara tano kwa siku. Akahesabu na vidole maneno matatu ya dini yao, pendar-e nik, goftar-e nik, kerdar-e nik, fikra njema, kauli njema, matendo mema. Nikamwambia bibi yangu angekubaliana na wewe kwa yote.

Lakini kuna mambo mengine tuliyajua siku hiyo ambayo kwangu kama Muislamu yaliniuma na sitaki kuyaruka. Baada ya Uislamu kuingia, Wazoroasta walitozwa jizia, kodi ya wasio Waislamu, karne na karne, na hapa Yazd mpaka karne ya 19 walilazimishwa kuvaa rangi za kufifia, nyumba zao zisizidi urefu wa za jirani Muislamu, na aliyepanda punda ashuke akikutana na Muislamu njiani. Mwaka 1854 Maparsi wa Bombay, ambao ni wajukuu wa Wazoroasta waliokimbilia Gujarat zamani hizo, walimtuma mtu wao Maneckji Limji Hataria aje aangalie hali ya ndugu zao. Alihangaika miaka mingi, akafungua shule, akakarabati majengo ya ibada, akawasumbua wakubwa wa Tehran, mpaka mwaka 1882 Naser al-Din Shah akaifuta ile jizia. Majirani zangu wa Unguja wanaosema dini zetu zilikaa kwa amani siku zote wajue kuna watu waliilipia amani hiyo.

Na Maparsi hao hao wa Bombay ndo waliofika Unguja, makarani wa serikali na wafanyabiashara. Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, wazazi wake walikuwa Maparsi. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba inayooneshwa kuwa yao mara mia bila kuwaza kwamba uzi wake unarudi mpaka kwenye chombo hiki cha shaba.

Alasiri tukaenda dakhmeh, minara ya kimya, vilima viwili nje ya mji na juu ya kila kimoja ukuta wa mviringo. Huku ndo walikuwa wakipeleka maiti. Kwao ardhi, maji na moto ni vitakatifu, mwili uliokufa usiviguse, kwahiyo waliulaza juu mlimani kwa jua na tumbusi. Ndani duara tatu, wanaume nje, wanawake katikati, watoto ndani, na shimo katikati ambalo mifupa ikishakauka inatiwa humo. Hapo chini kuna majengo ya udongo ambako ndugu walikaa siku za msiba, mana wao hawakuruhusiwa kupanda, wabebaji maalumu tu ndo walipanda. Minara yenyewe imeachwa tangu miaka ya 1960 na 70, mji ulishasogea karibu, sasa wanazika makaburini hapo chini, kaburi limesakafiwa saruji ili mwili bado usigusane na udongo. Wamebadilisha njia, shabaha ile ile.

Tulikaa juu mpaka jua likazama. Upepo tu. Walikuwepo watalii wengine wanacheka na kupiga selfi kwenye lile shimo, mdogo wangu akaenda kukaa mbali. Usiku huo hatukuongea sana.

SIKU YA NNE

Dereva alitupitia saa moja asubuhi. Kwanza Kharanaq, kijiji cha udongo kilichohamwa, nyumba zimeporomoka mpaka unaona vyumba kama masega, tukapita haraka, sakafu nyingine hazikanyagiki.

Chak Chak, mahali pao pa kuhiji, iko jangwani kabisa kuelekea Ardakan, hakuna kijiji, hakuna shamba, na ghafla kwenye jabali tupu unaona vijumba vimebandikwa na mti wa kijani. Hadithi yao ni kwamba Waarabu walipoishinda dola ya Wasasani, watawala wa Uajemi, Nikbanu binti wa mfalme Yazdegerd wa tatu alikimbilia hapa, jeshi likimfuata nyuma, akamuomba Mungu, mlima ukafunguka ukammeza. Tangu hapo jabali linatoa machozi. Chak, chak, chak. Sisi tungesema ndo, ndo, ndo. Unapanda ngazi nyingi sana, unavua viatu, unafunika kichwa, unapita mlango wa shaba wenye sura ya Zarathustra, ndani ni pango, sakafu ya marumaru imelowa, moto mdogo katikati, na maji yanadondoka kweli kutoka kwenye mwamba. Kwenye jangwa lile kila tone linasikika.

Kila mwaka tarehe 14 hadi 18 Juni Wazoroasta wanakuja kuhiji kutoka Iran yote na India na kwingineko, siku hizo mgeni wa dini nyingine haingii. Desturi ya zamani ni kwamba ukishaliona jabali unashuka kwenye mnyama wako, njia iliyobaki ni kwa miguu. Mdogo wangu akamwambia dereva asimame. Tulikuwa tunaondoka lakini, si tunafika, dereva akacheka, ila akasimama na tukatembea kidogo tukiwa tumegeuka nyuma.

Kurudi tulipita Meybod. Kuna nyumba ya barafu, yakhchal, kuba la udongo kubwa kama mlima limefunika shimo refu. Majira ya baridi walitandaza maji kwenye madimbwi ya kina kifupi nyuma ya ukuta mrefu wa kivuli, usiku yakaganda, alfajiri wakavunja barafu wakatupa shimoni, na wakati wa joto la Julai wanachimbua wanakula. Mdogo wangu akauliza theluji mnaitaje, dereva akasema barf. Barafu! Tuliliongeza kwenye orodha. Kuna pia mnara wa njiwa, matundu ndani kwa maelfu, walikuwa wanawafuga kwa ajili ya mbolea.

SIKU YA TANO

Mafua, nimelala mpaka adhuhuri. Mama mwenye nyumba aliniletea supu ya dengu akachoma mbegu za esfand juu ya makaa akanizungushia moshi kichwani mara tatu, akisema maneno ya kufukuza jicho baya. Nikafumba macho na nilikuwa kwetu, kasoro harufu si ya ubani.

Alasiri nikajikongoja hadi bustani ya Dowlatabad, ya karne ya 18, ambayo ina mnara wa upepo wa mita 33 na ushee, mrefu kuliko yote mjini. Una pembe nane, upepo utoke upande wowote unakamatwa, unashushwa chini juu ya dimbwi, unapoa, unaingia vyumbani, na hewa ya moto inatokea upande wa pili. Ukisimama chini yake mwezi wa kumi na moja utakimbia kwa baridi. Baada ya hapo halua za Yazd, qottab za lozi na pashmak kama nywele za mzee, tukabeba maboksi manne.

SIKU YA SITA

Mama mwenye nyumba alishasikia hadithi yetu ya Nairuzi, akasema ana shoga yake wa Kizoroasta, bibi wa miaka themanini na kitu, twende tukamsalimie. Mtaa wao uko mbali kidogo na msikiti, nyumba za chini chini, na sasa nilikuwa najua kwanini ni za chini.

Bibi mwenyewe kavaa mtandio wa maua mekundu na kijani, jikoni kunanukia mkate wa kukaangwa kwa mafuta ya ufuta, sirog, wanaupika kwenye sikukuu na kwenye kumbukumbu za marehemu. Nilimwita bibi kwa Kiswahili na akaelewa, mana bibi kwao ni neno pia! Mdogo wangu akatoa simu akamuonesha video ya Makunduchi. Watu wanakoga. Watu wanapigana na migomba, hapo akashika mdomo, akauliza wana ugomvi gani? Tukamwambia hamna ugomvi, wanatoa ya mwaka uliopita ili mwaka mpya usianze na kinyongo. Kibanda kikawaka moto. Akaomba tumrudishie hapo, akaangalia mara mbili, mara tatu.

Akauliza, hii ni mwezi gani? Mdogo wangu akasema hilo ndo tatizo bibi, Nowruz yenu ni Machi na yetu ni Julai, watu wanasema sisi tulikosea njiani.

Bibi akatikisa kichwa. Kwetu kijijini upande wa Ardakan, akasema, wazee wanafuata kalenda ya zamani, miezi 12 ya siku 30 na siku 5 juu yake zenye majina ya Gatha, nyimbo za Zarathustra. Siku 365 basi, hakuna ya kuongeza. Kila miaka minne mwaka unateleza siku moja. Mwaka mpya wa kalenda ile sasa hivi unaangukia Julai.

Tulitazamana mie na mdogo wangu. Babu yetu mchimba visima alikuwa akihesabu miongo, kila mwongo siku 10, miongo 36 na siku 5, ndo alivyojua lini masika, lini vuli, lini dau linaingia maji. Siku 365. Wavuvi wa kwetu wazee bado wanahesabu hivyo. Hatukukosea njiani jamani, tulibeba kalenda ile ile ya zamani na tukaishikilia vile vile kama wanavyoishikilia wazee wa vijiji vya hapa, wakati wenye mji walishatengeneza mpya. Nikawaza msikiti wa Kizimkazi, jirani na kwetu, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria ambao ni 1107, tuliopelekwa na shule tukapiga picha mlangoni tukaondoka, hakuna aliyetwambia kitu.

Nilimuuliza bibi kijijini nani anafuata kalenda hiyo sasa. Akasema wazee. Vijana wako Tehran, wako Marekani, mwanawe mwenyewe yuko Kanada. Alafu akamgeukia mdogo wangu, na wewe uko Muscat, hii sikukuu ya kwenu umeenda mara ya mwisho lini?

Mdogo wangu hakujibu haraka. Miaka tisa, akasema.

Bibi hakumlaumu. Aliingia ndani akatoka na kitambaa cheupe kimefungwa fundo, ndani lork, matunda makavu na njugu za aina saba zinazogawiwa kwenye sikukuu zao, zabibu, tende, lozi, jozi, pistachio, aprikoti na tunda moja jembamba nililoambiwa linaitwa senjed. Mpelekeeni mama yenu.

Treni ya kurudi Tehran iliondoka usiku. Mie nilikuwa na kile kitambaa mapajani, taa za Yazd zinapungua dirishani, mdogo wangu kitanda cha juu anabonyeza simu na mwanga unampiga usoni. Nikamuuliza unafanya nini mpaka saa hizi, intaneti yenyewe inakatakata. Akanishushia simu nione. Muscat kwenda Zanzibar, tarehe 18 Julai, alikuwa anasubiri bei ifunguke.